Kabla Jino Halijauma: Mwongozo Kamili wa Meno ya Mtoto, Kuanzia Kunyonya Hadi Kidato cha Nne

Jumatatu asubuhi benchi la kitengo chetu cha kinywa na meno hujaa watoto walioshika shavu. Wengi hawajalala usiku kucha. Mama ameshajaribu karafuu, ameshajaribu maji ya chumvi, na mtoto sasa amevimba. Hapo ndipo anapokutana na kiti cha meno kwa mara ya kwanza maishani mwake: ana njaa, ana usingizi, anaumwa, na njia nzima kutoka Chang'ombe au Nkuhungu ameambiwa kwamba akilia atachomwa sindano. Hata niwe na mikono laini kiasi gani, mtoto huyo atanikumbuka kwa ubaya, na akikua atakuja kliniki siku tu anaposhindwa kuvumilia.

Kwa miaka niliyofanya kazi hii hapa Dodoma nimejifunza kwamba upole huanzia nyumbani, miezi na miaka kabla ya maumivu. Jino linaloshughulikiwa mapema hutibiwa bila kilio. Nitakupitisha umri kwa umri, na pale ambapo watoto wetu wa Kanda ya Kati wanaumizwa zaidi nitakaa kidogo.

Kabla jino la kwanza halijaota

Meno 20 ya utoto huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni. Siku anapozaliwa yamo ndani ya fizi, yamejificha.

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Mara moja kwa siku, labda wakati wa kumwogesha, chukua kipande cha khanga kuukuu kilichokwisha kulainika, kiwe kimefuliwa vizuri na kukauka juani. Kiloweshe kwa maji safi ya kunywa, kizungushie kwenye kidole cha shahada, kisha pitisha taratibu juu ya fizi, chini na juu. Sekunde chache zinatosha. Faida kubwa ni kwamba mtoto anazoea mkono wako mdomoni. Mtoto aliyezoeshwa hivyo hapigani na mswaki baadaye.

Jino la kwanza huota karibu na mwezi wa 6, kwa kawaida yale mawili ya mbele chini. Wengine huanza mwezi wa 4, wengine hufikisha mwaka. Akitimiza mwaka na nusu bila jino hata moja, mlete aangaliwe.

Wakati wa kuota atatokwa na udenda, atang'ata kila kitu, atakuwa msumbufu kidogo. Msugue fizi kwa kidole kisafi au mpe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi akitafune mbele ya macho yako. Usimpake pombe. Usimpake asali pia, hata ile ya Manyoni tunayojivunia, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja anaweza kupata sumu ya bakteria kutoka kwenye asali. Na jambo hili naomba likae kichwani: kuota meno hakuleti homa kali wala kuharisha. Ukiona homa au kuharisha, kuna ugonjwa mwingine.

"Meno ya plastiki"

Mtoto wa miezi 4 au 5 anaharisha, anatapika, ana homa. Jirani anafunua mdomo wake, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi karibu na pembe ya mdomo, na anatamka: "Huyu ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa." Wengine huyaita meno ya nailoni. Anaitwa mtu mwenye kisu, wembe au spoku ya baiskeli, fizi inachimbwa, na kinatolewa kitu kidogo, cheupe, laini. Kila mtu anakiona kwa macho yake na anaamini.

Kitu hicho ni chonge la utoto ambalo halijakomaa. Kila mtoto analo, aliye mgonjwa na aliye mzima. Uvimbe ule ni mahali ambapo chonge linajitengeneza ndani ya fizi, na ni laini kwa sababu madini yake hayajakolea bado. Lingeachwa lingekuwa jino gumu kama mengine na kuota kati ya miezi 16 na 22.

Anayechimbwa hupoteza damu ambayo mwili wake mdogo hauwezi kuimudu. Chombo kichafu huingiza vijidudu kwenye damu, na kikitumika kwa watoto wengi hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Chonge la kudumu linalojengeka jirani nalo huharibika, ndiyo maana nakutana na mtoto wa darasa la 5 ambaye chonge lake limeota limejikunja au halikuota kabisa. Lililo baya kuliko yote ni kwamba ugonjwa wenyewe, iwe malaria, nimonia au upungufu wa maji, umeachwa uendelee siku mbili zaidi.

Kwa hiyo mtoto akiharisha, anza ORS mara moja, endelea kumnyonyesha, mpeleke zahanati apimwe na apewe zinki. Akishindwa kunyonya, akilegea, macho yakizama au akipata degedege, usingoje asubuhi.

Najua shida kubwa mara nyingi ni kumkatalia mkubwa. Mama mkwe amekuja kutoka Mpwapwa, amelea watoto saba, na anasema kwa upendo kabisa. Usimwambie hajui kitu. Mwambie, "Mama, nimekusikia. Tuongozane zahanati wampime kwanza, na hilo la meno tumwonyeshe nesi tukiwa pamoja." Nimeona mabibi wengi wakibadilika pale mtoto alipopata nafuu kwa ORS huku fizi yake ikiwa nzima. Bibi wa namna hiyo huwa mwalimu bora mtaani kunizidi mimi.

Jino la kwanza hadi miaka 3

Jino likichomoza, mswaki unaanza. Nunua mdogo wenye nywele laini. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha jino, na kipimo chake kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ni kama punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kama punje ya njegere. Zile picha za matangazo zenye dawa iliyojaa mswaki mzima si za mtoto.

Namna ya kumshika ndiyo inayoleta vita au amani. Keti mkekani au kitandani, mlaze kichwa chake kikiwa mapajani pako, miguu ikielekea mbali nawe, ili umwone mdomo kutoka juu. Kwa kidole kimoja inua mdomo wa juu taratibu. Chini ya mdomo huo katikati kuna kijishipa chembamba. Mswaki ukikigonga mtoto atalia, kwa hiyo kikinge kwa kidole. Piga mswaki kwa miduara midogo pale jino linapokutana na fizi. Mwimbie wimbo mmoja anaoupenda, wimbo ukiisha nawe umemaliza. Akilia, endelea kwa utulivu, maliza haraka, mpongeze. Usimpige kamwe kwa ajili ya mswaki.

Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usiiruke, kwa sababu akilala mate hupungua na meno hubaki bila mlinzi. Baada ya hapo ni maji tu hadi asubuhi. Chupa ya maziwa yenye sukari, ya juisi au ya uji mtamu, ikiachwa mdomoni mwa mtoto aliyelala, huozesha meno ya mbele ya juu kabla hajatimiza miaka 2. Ateme povu akishajua kutema, wala hana haja ya kusukutua kwa maji mengi. Mabaki ya floraidi yanaendelea kumlinda.

Mara moja kwa mwezi, kwenye mwanga wa dirishani, inua mdomo wa juu na utazame meno ya mbele karibu na fizi. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chokaa, hapo jino limeanza kupoteza madini. Hatua hii bado inarudishika kwa mswaki, floraidi na kupunguza sukari. Mstari ukigeuka njano au kahawia na kuwa kishimo, umechelewa kidogo, lakini bado hujachelewa kumleta.

Kwa ukaguzi wa kwanza wa mtaalamu, tumia siku za kliniki ambazo utakwenda hata hivyo. Mtoto anapelekwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Siku hiyo mwombe muuguzi amtazame mdomo, au kama kuna kitengo cha meno jengo hilohilo, pita naye. Hana maumivu, hatafanyiwa lolote, atacheza na kioo kidogo na kurudi nyumbani.

Maji, magadi na meno ya kahawia

Ukanda wa Bonde la Ufa una floraidi nyingi ardhini. Arusha na Kilimanjaro wanafahamika zaidi, lakini Singida na Manyara nako visima vingi vina floraidi nyingi, na majirani wanaohamia Dodoma kutoka huko huja na watoto wenye meno yenye mabaka. Floraidi kidogo huimarisha jino. Ikizidi wakati jino linajengeka, kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, jino huota na madoa meupe, kisha kahawia, na likizidi sana huwa na vishimo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji.

Hapa wengi hukosea: maji kuwa ya chumvi hakukwambii chochote kuhusu floraidi, maana haina ladha wala rangi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Njia pekee ya kujua ni kupima. Kama kijiji chenu kinatumia kisima, jumuiya ya watumia maji iulizie majibu ya maabara kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani. Yakiwa juu ya kikomo, tafuta chanzo kingine kwa ajili ya watoto wadogo tu, angalau maji ya kunywa na ya kupikia uji. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yana floraidi kidogo sana. Mvua yetu ni chache na huisha Aprili, lakini simtanki moja lililotengwa kwa mtoto wa miaka 2 linafika mbali.

Halafu magadi. Mlenda wetu na maharage yetu vimezoea magadi, na magadi ya mawe kutoka baadhi ya maziwa huja na floraidi nyingi. Sisemi mlenda uachwe. Ni mboga nzuri na watoto wanaupenda. Chota sehemu ya mtoto kabla ya kutia magadi. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yamwage, yataiva bila magadi.

Mtoto ambaye meno yake yameshakuwa ya kahawia hajakosea kitu, na wala si mchafu. Asisugue kwa mchanga, majivu wala kipande cha tofali. Hayo huchubua ngozi ya jino, na doa linabaki palepale.

Ubuyu, uji na kilicho kwenye begi la shule

Kinachooza jino ni sukari inayokuja mara kwa mara. Bakteria wakiipata hutoa asidi, na asidi hiyo hukaa ikishambulia jino kwa karibu nusu saa. Mtoto anayekula pipi tano kwa mkupuo baada ya chakula amepigwa mara moja. Anayelamba hizo tano moja moja toka asubuhi hadi jioni amepigwa mara tano.

Ndiyo maana ubuyu wa rangi unanitia wasiwasi kuliko soda. Huku kwetu mibuyu imejaa, na vifuko vyake vinauzwa kila lango la shule. Mbegu yenye sukari nata, yenye uchachu, inafyonzwa saa nzima. Unga mweupe wa ubuyu wenyewe, ukitiwa kwenye uji bila sukari nyingi, ni lishe nzuri. Kwa hiyo ubuyu wa rangi uwe wa siku moja kwa wiki, uliwe ukaishe, kisha anywe maji. Asipige mswaki papo hapo baada ya kitu kichachu, iwe ubuyu, ukwaju au zabibu. Asubiri nusu saa ngozi ya jino itulie. Begi la shule libebe karanga, muhogo, ndizi, yai.

Gego la darasa la kwanza

Karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno yote ya utoto, huota gego jipya bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, likioza wanasema litabadilika. Halibadiliki. Ni la kudumu, na ndilo ninalolazimika kuling'oa mara nyingi kuliko mengine. Mtoto akianza darasa la kwanza, mwambie afungue mdomo, hesabu kutoka katikati: la sita ndilo hilo. Uliza kliniki kama wanaweza kuifunika mifereji yake kwa dawa. Kazi hiyo haina ganzi wala maumivu.

Umri huohuo jino la kudumu la chini huweza kuota nyuma ya la utoto, mtoto akawa na safu mbili. Usishtuke. La utoto likitikisika, aliyumbishe mwenyewe kwa ulimi hadi lidondoke, kisha alitupe juu ya paa kama tulivyofanya sisi. Miezi miwili ikipita bila kutikisika, mlete.

Endelea kumpigia mswaki mwenyewe, au umalizie baada yake, hadi miaka 7 au 8. Mkono unaoweza kufunga kamba za viatu vizuri ndio unaoweza kusafisha gego la nyuma. Kila mtu nyumbani awe na mswaki wake, ubadilishwe kila miezi 3. Mswaki wa mti ni halali kabisa kwa mkubwa anayejua kuutumia: utafunwe ncha hadi uwe brashi, upitishwe jino kwa jino, ndani na nje.

Siku ya kumleta

Njoo asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Usiku uliotangulia cheza naye: wewe daktari, yeye mgonjwa, kijiko ndicho kioo. Mhesabie meno, kisha naye akuhesabie yako.

Maneno "sindano", "kung'oa" na "hutaumia" yaache nyumbani. La mwisho hili linaonekana la kufariji, lakini mtoto husikia "kuumia" tu. Sema, "Atakuhesabia meno." Wala usimtishie kwa daktari kana kwamba ni fimbo, siku hiyo au siku nyingine yoyote.

Mtoto wa chini ya miaka 3 hana haja ya kukaa kwenye kiti. Mimi na mama tunaketi tukitazamana, magoti yakigusana, mtoto anamlalia mama na kichwa kinakuja mapajani kwangu. Mkubwa zaidi namwambia ninachotaka kufanya, namwonyesha kwenye kucha yake, ndipo nafanya. Akinyoosha mkono naacha. Una haki ya kumwomba mtaalamu yeyote afanye hivyo. Ukiona mtoto anashikwa kwa nguvu wakati hakuna dharura, omba mrudi siku nyingine.

Jino likishatoboka

Jino likitoboka si lazima ling'olewe. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wa meno Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walianza njia ya kuondoa uozo laini kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji maalumu inayotoa floraidi. Haihitaji umeme, mashine ya kupiga kelele, na mara nyingi hata ganzi. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali kama vijiji vya Bahi na Chemba, leo inatumika dunia nzima. Iulizie kwa jina la kuziba bila mashine.

Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi, inayopakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo. Doa hugeuka jeusi, basi, na hakuna maumivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu pamoja na saruji ile. Haipatikani kila kituo, uliza.

Usiku wa maumivu, mpe parasetamoli kwa uzito wake, si aspirini, na usiweke kidonge juu ya fizi kwani kinaiunguza. Usitie mafuta ya taa wala maji ya betri kwenye tundu.

Wa sekondari

Kijana haogopi tena sindano, anaogopa kuchekwa. Nimeona binti wa kidato cha 2 aliyeziba mdomo kwa kiganja kila anapoongea, kwa sababu ya madoa ya maji ya alikozaliwa. Madoa hayo yanaweza kung'arishwa au kufunikwa kliniki. Mwambie hivyo kabla hajaangukia unga wa kusugua wa mitaani.

Fizi zikitoka damu wakati wa balehe, wengi huacha kupiga mswaki hapo panapotoka damu, na tatizo linazidi. Apige palepale, kwa mswaki laini. Kwa wiki mbili hivi damu itakoma. Isipokoma ana ugaga, yaani uchafu ulioganda kwenye meno, unaohitaji kuondolewa. Wa bweni, mpakie miswaki miwili na dawa ya kufika mwisho wa muhula. Muulize kuhusu ugoro na vinywaji vya kuongeza nguvu bila kumfokea, na akija kliniki mwache aingie peke yake akitaka.

Ajali na dharura

Uvimbe wa uso wenye homa, au kushindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua, ni wa hospitali saa hiyohiyo, Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa au yoyote iliyo karibu.

Jino la kudumu likidondoka lote, iwe mpirani au kwenye bodaboda, lishike upande unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa chafu lisuuze sekunde chache kwa maziwa au maji safi, bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake na mtoto ang'ate kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa, ukimbie nalo. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utoto halirudishwi, maana utaliumiza la kudumu lililo chini yake. Mfanye ang'ate kitambaa safi hadi damu ikome, kisha mlete tuangalie kama kuna kipande kilichobaki.